Dawa za minyoo, chawa na viroboto wa kuku: ipi ununue ukiwa Tabora

Ingia duka lolote la dawa za mifugo karibu na soko kuu la Tabora, useme tu "naomba dawa ya kuku." Hutatoka mikono mitupu. Utapewa pakiti yenye picha ya jogoo aliyenona, na jogoo huyo huyo yuko kwenye dawa ya minyoo, kwenye dawa ya kuhara damu, kwenye vitamini na kwenye antibayotiki. Kinachotibu ni jina lililoandikwa kwa herufi ndogo pamoja na asilimia yake. Ndiyo maana hapa nimepanga dawa kwa kiini chake, si kwa jina la biashara, nikimfikiria mtu mwenye kuku kumi hadi hamsini uani, wa kienyeji au chotara. Kwenye pakiti majina yatakuwa yameandikwa Kizungu, lakini utayatambua.

Kwanza ondoa mkanganyiko mmoja unaokula hela za watu. Kuhara damu kwa vifaranga mara nyingi huletwa na koksidia, kijidudu cha chembe moja kisichoonekana kwa macho. Dawa yake ya kawaida ni amproliamu, nayo haiui mnyoo hata mmoja. Dawa za minyoo nazo hazigusi koksidia. Ukichanganya hapo, umenunua maji ya rangi.

Minyoo ya tumboni

Kuku wetu husumbuliwa zaidi na makundi mawili. Kuna minyoo mviringo, hasa askaridia, mweupe, mrefu, anayekaa kwenye utumbo mwembamba. Na kuna tegu, ambaye vipande vyake huonekana kwenye kinyesi kama punje za mchele. Tegu haambukizi kuku moja kwa moja: kuku hula sisimizi, mende wa samadi au nzi waliobeba mabuu yake. Kwa hiyo kuku anayezurura na kuchakura hawezi kumkwepa kabisa.

1. Albendazoli ya maji, asilimia 2.5, kwa mdomo. Hii ndiyo naiweka juu kwa kuku wanaojitafutia. Sababu ni mbili. Inapiga minyoo mviringo, na kwa kipimo cha juu zaidi, yaani miligramu 20 kwa kilo ya uzito, inamfikia na tegu. Pia unampa kila kuku mkononi, usiku akiwa amelala, ukijua kameza. Kuku huria wakati wa masika hana shida na maji yako. Ana madimbwi ya mtaa mzima.

Hesabu ni hii. Asilimia 2.5 maana yake ni miligramu 25 katika kila mililita. Tetea wa kilo moja na nusu anahitaji miligramu 30, sawa na mililita 1.2. Bomba la sindano la mililita 2, bila sindano yenyewe, linapima hilo bila wasiwasi, na chupa ya mililita 100 inahudumia kuku kama 80. Muuzaji atakwambia ya asilimia 10 ndiyo nafuu, na kwa hesabu ya kila kuku anasema kweli. Lakini hapo unatakiwa upime mililita 0.3, kwa mwanga wa tochi, huku jogoo anapiga mbawa. Nunua 2.5. Chupa ya lita moja waachie wafugaji wa ng'ombe wa Igunga na Nzega. Wewe nusu yake itakukalia rafuni mpaka iharibike.

Kasoro yake si ndogo. Chupa nyingi zimeandikiwa ng'ombe, mbuzi na kondoo, hivyo hutakuta muda wa kusubiri kwa mayai. Mwonyeshe afisa mifugo wa kata kabla ya kuitumia. Asipokuwa na maelekezo mengine, wiki mbili bila kula wala kuuza mayai, na wiki nne bila kuchinja, ni tahadhari nzuri. Usimpe tetea anayetaga mayai ya kuatamiwa, na mama mjamzito asiishike.

Kuna wanaovunja kidonge cha albendazoli cha binadamu wakagawa robo robo. Kidonge hicho kina miligramu 400. Robo ni 100, zaidi ya mara tatu ya anachohitaji tetea yule. Ziada hiyo haiui minyoo zaidi, inaongeza tu mabaki kwenye mayai unayomkaangia mtoto.

2. Levamisoli ya unga. Kwa kuku waliofungiwa bandani hii inapanda kuwa ya kwanza, kwa sababu wote wananywa chombo kimoja na pakiti nyingi zimeandikiwa kuku, kipimo na muda wa kusubiri vikiwemo. Inaua askaridia na minyoo wengine mviringo vizuri. Tegu haimtoi. Ni chungu kidogo, kwa hiyo waondolee maji kwa muda wa saa mbili hivi, kisha wape asubuhi kiasi watakachomaliza kabla ya jua kukaza. Ukiweka ndoo nzima watainywa kidogo kidogo hadi jioni, na hakuna atakayepata kipimo kamili.

3. Piperazini. Rahisi, mpole, ipo kila duka. Inalegeza askaridia aliyekomaa akatoka na kinyesi, basi. Haina nguvu kwa wachanga walio kwenye ukuta wa utumbo, kwa hiyo lazima urudie baada ya wiki kama tatu. Uinunue lini? Hela ikiwa kidogo na vifaranga wakubwa wamedumaa, matumbo yamejaa.

4. Ivamektini ya sindano. Iko mwisho makusudi. Vijana mtaani wanaipenda kwa sababu wanasema inaua vya ndani na vya nje. Kwa askaridia wa kuku ni dhaifu, kwa tegu haifanyi kitu, na mabaki yake hukaa kwenye mayai. Ile ya asilimia 1 ina miligramu 10 kwa mililita. Kipimo cha miligramu 0.2 kwa kilo kwa tetea wetu ni mililita 0.03. Bomba la kawaida la dukani halitakupimia tone hilo. Ni rahisi sana kumzidishia kuku.

Pilipili, mshubiri na mwarobaini kwenye maji sijavipanga. Havidhuru vikiwa kidogo, ila havina kipimo unachoweza kukitegemea kuku akishajaa minyoo.

Wadudu wa nje

Hapa kosa la kawaida ni kutibu kuku na kuliacha banda. Ni nani anayekaa kwa kuku na ni nani anayekuja usiku tu? Hilo ndilo linaloamua ununue nini.

Chawa huishi juu ya kuku maisha yake yote, mayai yake yameganda kwenye shina la manyoya, hasa chini ya mkia. Unga wa pamethrini ulioandikiwa kuku ndio chaguo la kwanza: pakaa chini ya mbawa, kwenye matako na shingoni, epuka macho na mdomo. Rudia baada ya siku 7 hadi 10, kwa kuwa unga hauui mayai. Asiyerudia amepoteza pakiti ya kwanza. Unga wa kabarili upo madukani na unafanya kazi, lakini ukikuta wa pamethrini chukua huo.

Utitiri mwekundu na papasi ni habari nyingine. Mchana wamejificha kwenye nyufa za udongo, kwenye fito na ndani ya viota. Usiku wanatoka kunyonya damu. Pitisha karatasi nyeupe chini ya kichanja usiku, ukiona michirizi myekundu umepata jibu. Utitiri hukaa miezi bila kula, na papasi mwaka na zaidi, kwa hiyo kuhamisha kuku wiki mbili hakusaidii chochote. Hela yako iende kwenye dawa ya kunyunyiza banda, sipamethrini au amitrazi, ikifuata kipimo cha lebo, kuku wakiwa nje hadi pakauke. Choma viota vya majani, ziba nyufa kwa udongo mpya, paka chokaa. Papasi wa kuku wanaweza pia kumwachia ugonjwa wa damu wenye homa na kinyesi cha kijani, ambao dawa ya wadudu haitautibu.

Viroboto wanaoganda kuzunguka macho na kwenye upanga hawahitaji dawa kali. Vaselini inatosha: pakaa nene, wanakosa hewa, unawabandua kesho yake. Lakini mabuu wao wako kwenye vumbi la banda, na mbwa na paka nao wanawabeba. Fagia, choma taka, mtibu mbwa. Miguu yenye magamba yaliyofumuka ni utitiri wa aina nyingine; osha kwa maji vuguvugu na sabuni, kisha pakaa mafuta kila baada ya siku chache kwa wiki kadhaa. Mawese yanayoshuka na treni kutoka Kigoma yanafaa kabisa. Mafuta ya taa yanaunguza ngozi, yaacheni kwenye kibatari.

Majivu makavu kwenye shimo la kuogea vumbi ni kinga nzuri na ni bure. Tumbaku je? Huku kwetu majani hayakosekani, na kweli nikotini inaua chawa. Inaua na vifaranga. Majani machache makavu chini ya kiota watu wameyaweka miaka mingi. Kuyaloweka na kumwogesha kuku maji yake ni hatari. Vibaya zaidi ni dawa ya kupulizia pamba au tumbaku iliyobaki shambani. Hiyo usiisogeze kwa kuku hata kwa tone, maana nyingine hupita kwenye ngozi hadi kwenye mishipa ya fahamu, ya kuku na yako.

Wapi na lini

Nunua duka lenye kibali, dawa iliyosajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania, lebo nzima, tarehe ya mwisho inasomeka. Dawa nyingi zimesafiri zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar es Salaam, na Oktoba ya Tabora si mchezo, kwa hiyo ile iliyopangwa dirishani inapigwa na jua iache hapo hapo. Unga unaopimwa kwa kijiko na kufungwa kwenye gazeti mnadani usiununue hata ukipewa bure nusu. Ukiwa na kuku wengi na hujui wanaumwa nini, peleka kinyesi kibichi au kuku aliyekufa asubuhi hiyo kwenye maabara ya TVLA, wakala wa maabara za mifugo, hapa Tabora kabla ya kununua chochote.

Dozi muhimu zaidi ya minyoo ni mwishoni mwa mvua, Aprili kuingia Mei, ardhi inapoanza kukauka na mayai ya minyoo kupungua nguvu. Nyingine iwe kabla mvua za Novemba hazijachanganya. Panga pia itangulie chanjo ya kideri kwa wiki moja au mbili, maana kuku aliyejaa minyoo huipokea chanjo vibaya. Ukifika dukani useme hivi: "Naomba albendazoli ya asilimia 2.5, chupa ndogo, na bomba la mililita mbili." Akikuletea picha ya jogoo, geuza upande wa nyuma usome.