Miami Vice, ya kitambo ila bado kali
Jamani nimerushiwa Miami Vice, ile tamthilia ya Kimarekani ya mapolisi, kwenye flashi hapa Mwanga, Kigoma, msimu wa kwanza nimeumaliza wiki mbili tu na sijutii hata kidogo. Ilianza 1984, Crockett na Tubbs ni mapolisi wanaojifanya wauza unga, ila kinachokubamba ni muonekano, koti juu ya tisheti, viatu bila soksi, halafu ile sehemu ya usiku wako kwenye gari, taa za barabarani zinateleza kwenye boneti, Phil Collins anaimba, maneno machache sana, nimeirudia mara nne. Muziki wa kufungulia tamthilia, wa Jan Hammer, ulishika namba moja Marekani 1985 na hauna hata neno moja! Mjomba wangu wa Ujiji mpaka leo anapandisha mikono ya koti hadi kwenye kiwiko, kumbe ndio mitindo ya kina Crockett. Kopi yangu sauti inakwaruza kidogo, ila itafuteni.