Gitaa la besi kwa bendi ya hevi metali Tabora: lipi la kwanza, lipi la mwisho

Bendi yetu ina watu wanne. Tunafanya mazoezi Jumamosi na Jumapili jioni kwenye stoo ya mahindi kule Ng'ambo, na katika miaka sita nimeshapitisha besi nne mikononi. Mwezi huu vijana wawili wameniuliza wanunue gitaa gani la besi ili nao waanzishe bendi ya hevi metali hapa Tabora. Niliwajibu kwa haraka tukiwa njiani. Hapa naeleza kwa urefu, pamoja na sababu, maana fedha ya gitaa huchukua muda mrefu kukusanywa.

Kwanza ijue kazi yake. Katika muziki huu magitaa mawili hupigwa na distosheni nzito (sauti iliyopasuliwa makusudi) na kujaza nafasi yote ya kati na juu. Chini kabisa ipo ngoma ya mguu. Besi inabanwa hapo katikati, na kama sauti yake ni mvumo mtupu, haitasikika hata ukifungua volyumu mpaka mwisho. Itatikisa mabati tu. Inatakiwa besi yenye kukwaruza kidogo, ambayo kila noti inaanza na mlio wazi wa uzi kugonga chuma. Sauti hiyo inategemea pikapu, yaani sumaku zilizo chini ya nyuzi zinazonasa mtetemo wake, kuliko mbao.

La pili ni umeme wetu. Soketi nyingi za nyumba na stoo tunazofanyia mazoezi hazina waya wa ethi uliofungwa sawasawa. Pikapu ya koili moja (waya mmoja uliozungushwa kwenye sumaku) hapo huvuma muda wote, na distosheni inaukuza mvumo huo. Mtengenezaji wa magitaa Leo Fender alipotoa besi ya Precision mwaka 1951, pikapu yake ilikuwa ya koili moja. Mwaka 1957 ikagawanywa vipande viwili, kimoja chini ya nyuzi mbili nene, kingine chini ya mbili nyembamba, koili zikafungwa kinyume ili mvumo wa moja uufute wa nyingine. Wapigaji huiita P. Steve Harris, mpiga besi wa bendi ya Iron Maiden, amejulikana na Precision miaka yote, na ukisikiliza vidole vyake utasikia ule mlio ninaousema.

Ndiyo maana nafasi ya kwanza naipa Yamaha TRBX174. Ina nyuzi nne, urefu wa uzi wa kawaida wa inchi 34, freti 24 (vyuma vinavyokatiza shingo) na pikapu mbili: P katikati, na nyingine ya koili moja, iitwayo J, karibu na daraja, pale nyuzi zinapofungwa mwilini. Haitumii betri. Kwenye stoo yenye umeme mbaya unaifunga J kabisa unabaki na P, kelele inakwisha. Kwenye ukumbi wenye umeme mzuri unaichanganya J kidogo ili vidole vijulikane. Kwa anayeanza sioni haja ya kutafuta zaidi ya hapo.

Nafasi ya pili ni besi ya mkono wa pili yenye P, hasa Squier Precision (jina la bei nafuu la Fender), kutoka kwa kwaya iliyobadilisha vyombo au mpigaji aliyestaafu. Mji huu ulikuwa na bendi za dansi za Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz na Kiko Kids. Besi haikuanza na sisi, na wapo watu wazima wanaoijua kuliko sisi. Nilipokwenda kuangalia gitaa moja la zamani nilimwomba mzee aliyewahi kupiga dansi anisindikize. Baada ya shikamoo hakuliwasha hata kidogo. Alilinyanyua usawa wa jicho, akaitazama shingo kutoka kichwani kuelekea kwenye daraja kama seremala anavyopima ubao. Kisha akabonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, akaniambia, "Njoo uone hapa katikati, mwanangu." Palikuwa na upenyo mdogo wa kupitisha kadi nyembamba. Huo ndio unaotakiwa. Uzi ukilala kabisa juu ya freti, shingo imepinda kwa nyuma na noti zitagongana. Upenyo ukiwa mkubwa, vidole vitaumia. Kasoro zote mbili hurekebishwa kwa kuzungusha chuma kilichomo ndani ya shingo, robo mzunguko kwa siku, usizidishe. Chuma kikigoma kuzunguka, rudisha gitaa kwa mwenyewe.

Kisha piga kila freti ya kila uzi, polepole, moja moja. Inachosha, lakini ifanye. Kwenye freti ya 12 gusa uzi bila kubonyeza, usikie sauti yake nyembamba, halafu bonyeza hapohapo upige. Zikitofautiana, tandiko la uzi kwenye daraja linasogezwa mbele au nyuma. Hilo si kosa la kukuzuia kununua. Mwisho pitisha kiganja pembeni mwa shingo. Kiangazi cha huku mbao hukauka na kusinyaa, na ncha za freti hutokeza. Zikikukwaruza, punguza bei, kisha fundi azipige tupa.

Ya tatu ni Ibanez GSR200. Shingo yake nyembamba inawafaa wenye mikono midogo na wanaotoka kwenye gitaa la solo, nayo ina P na J. Nimeishusha kwa sababu ya betri ya volti 9 inayoendesha kitufe cha kuongeza besi. Kwenye magitaa ya namna hiyo jeki (waya wa kwenda kwenye amplifaya) ikiwa imechomekwa, betri inatumika hata kama hupigi. Niliwahi kuacha jeki usiku kucha kwenye besi niliyokuwa nayo zamani, na kesho yake mbele ya watu sauti ikaanza kupasuka, ikapungua, ikazima katikati ya wimbo wa pili. Ukinunua yenye betri, chomoa jeki kila ukiiweka chini.

Ya nne ni ya nyuzi tano, na hapa wengi watanibishia. Uzi wa tano, wa B, ulio mnene kuliko wote, hutetemeka takribani mara 31 kwa sekunde; wa E, mnene wa besi ya nyuzi nne, mara 41. Spika za kawaida za kukodi haziitoi ile 31 ipasavyo, kwa hiyo unalipia uzi ambao ukumbini hausikiki vizuri. Kama bendi yenu inalegeza nyuzi ili sauti ishuke sana, zipo njia nyingine. Bendi ya Black Sabbath mwaka 1971 walishusha nyuzi nusutoni tatu. Mpiga gitaa wao, Tony Iommi, alikuwa amekatwa ncha za vidole kiwandani, na nyuzi zilizolegea zilimpunguzia maumivu. Kwa kushuka namna hiyo weka seti nene, inayoishia 110 badala ya 105 (unene wa uzi mnene kabisa, kwa elfu za inchi). Mkishuka mpaka B, nunua seti ya nyuzi tano, acha ule mwembamba, funga nne nene kwenye gitaa lako la nyuzi nne. Vijia vya nyuzi pale kichwani vitahitaji kupanuliwa kwa tupa ndogo, na shingo ipimwe upya.

Ya mwisho ni yale magitaa mapya ya bei ya chini kabisa yasiyo na jina la kueleweka. Funguo za kukazia nyuzi huteleza, na bendi nzima inapoteza wimbo ikikusubiri.

Usimalize fedha yote kwenye gitaa. Igawe mafungu matatu: mawili gitaa, moja la amplifaya au kifaa cha kuchomekea. Amplifaya ya wati 20 ni ya chumbani. Mbele ya mpiga drams wa metali tafuta wati 100 kwenda juu. Usipige besi kwenye amplifaya ya solo, utachana spika. Kama fungu hilo halitoshi, nunua Behringer BDI21, sanduku dogo linalokwaruza sauti na kuipeleka moja kwa moja kwenye mikisa ya ukumbi. Ukiwa umeshika nyuzi na midomo ikahisi ganzi kwenye mikrofoni, acha kupiga mpaka umeme uangaliwe.

Ukinunulia Kariakoo, safari ya kurudi ni zaidi ya kilomita 800. Besi yangu ya kwanza ilisafiri kwenye buti la basi ndani ya mfuko laini, chini ya magunia, ikafika kichwa kimekatika. Sasa nalegeza nyuzi kidogo, nafunga kichwa kwa nguo nzito na kusafiri nalo katikati ya magoti. Siku hiyohiyo nunua mkanda mpana na seti mbili za nyuzi, kwa sababu hapa mjini za solo nimezipata mara nyingi, za besi mara chache sana.