Kuongeza siku 30 Bangkok: ofisi nyota tano, mwenye chumba nyota moja

Naandikia hasa watu wetu wa Kisumu juu tangu nirudi kila mtu kwa chama ananiuliza nilikaaje Thailand kupita zile siku 60 za viza ya utalii na sikushikwa. Sikujificha jameni, nilienda imigresheni nikaomba nikaongezewa. Siku 30, unalipa baht 1,900 ambayo kwa pesa yetu ni kama elfu saba na kitu, na imeisha hapo, hakuna kujuana na mtu wala kutoa ya chai.

Ofisi ya Bangkok iko Chaeng Watthana kwa lile jengo kubwa la serikali, Jengo B, huko juu kaskazini ya mji, ukiwa unakaa pande za Sukhumvit, kule katikati ya mji, amka mapema na usiseme hukuambiwa. Saa sita wanaenda lanchi so ukifika saa tano na nusu jua utakaa. Unajaza fomu ya TM.7, unaweka picha moja ya sentimita 4 kwa 6, kopi ya pasipoti pale kuna sura yako, kopi ya viza na kopi ya stempu ya kuingia, zote umesaini. Kama umesahau kitu usilie, fotokopi na picha wanafanya huko huko chini ya jengo. Unachukua namba, unangoja, unaitwa, ofisa anakuangalia, unalipa, unangoja tena, pasipoti inarudi na stempu mpya. Ofisa wangu alikuwa mama mpole hata akajaribu kutamka jina langu, akashindwa tukacheka. Lakini vaa kama mtu anaenda ofisini bana, sio kaptura na vesti ya bichi, anayeamua ni huyo aliye mbele yako na akikukatalia hizo pesa hazirudi.

Kuna watu hungoja mpaka siku ya mwisho wakidhani wakienda mapema watapoteza siku. Hapana. Hizo 30 zinahesabiwa kutoka tarehe iko kwa stempu yako, sio kutoka siku umeenda ofisini, so ya nini kujipea presha. Ukipitisha ni faini ya baht 500 kwa kila siku mpaka ifike 20,000, na ukipita siku 90 hata ukijipeleka mwenyewe unafungiwa kuingia mwaka mzima.

Sasa huyu mwenye chumba. Kule sheria inasema mwenye nyumba akipata mgeni wa nje aripoti imigresheni ndani ya masaa 24, hiyo ndio wanaita TM.30. Hoteli hufanya hiyo kazi bila kuulizwa, wewe hata hujui. Mimi nilikuwa nimekodi chumba cha mtu, picha safi, bei poa, na kila nikimuuliza hiyo karatasi ananijibu hakuna shida, hakuna shida, na emoji za maua juu yake. Nikaenda nikijua mambo ni sawa. Kaunta wakaangalia kwa kompyuta, sipo, wakaniambia kwa upole nirudi nayo. Siku nzima imeenda na nauli yake, halafu kumbe ni kitu angefanya kwa simu akiwa amekaa tu! Ajenti mmoja naye akaniona nimekaa pale na sura ya kuchoka akataka karibu mara tatu ya ile ada, eti atanimalizia kila kitu. Nikamwambia asante, nikaenda kula. (Ukiwa huko tafuta samaki wao wa kuchoma wa kupakwa chumvi, ni tilapia ile ile ya Nile tunakula kwetu Kisumu pale ufuo wa Dunga, walipelekewa na Japani mwaka 1965. Ni tamu, ingawa bila ugali mtu wa kwetu anamaliza na bado ana njaa.)

Kitu ingine, wazungu wa hosteli watakushauri utoke tu mpaka Laos urudi upate siku mpya. Hao wanaingia bila viza. Sisi na pasipoti ya Kenya tunaomba viza kabla, onlaini, na ile kadi ya njano ya homa ya manjano juu, so ukitoka na viza ya kuingia mara moja, umeitoa. Hata zile siku umeongezewa zinakufa ukivuka mpaka, isipokuwa umelipia kibali cha kurudi kabla ya kutoka, baht 1,000 ya mara moja.

So kama unapanga kukaa zaidi ya viza, lala hotelini, ama kabla ulipe deposit ya chumba mwambie mwenyewe akutumie risiti ya TM.30 siku ile unaingia. Akianza kukutumia maua, tafuta kwingine.