Tathmini ya Visual Studio Code: Tab, nafasi na faili iliyokataa kuendeshwa

Hivi karibuni nilipokea faili ya Python, lugha ya kuandikia programu, iliyokuwa imepita mikononi mwa watu watatu. Nilipoitazama kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri) mistari yake ililingana vizuri, lakini nilipoiendesha ilikataa kwa ujumbe wa TabError, kwa sababu Python hutambua mpangilio wa programu kwa pengo la mwanzo wa mstari, na Python 3 haikubali Tab (alama moja inayoonyeshwa kwa upana wa nafasi kadhaa) na nafasi zichanganywe kiasi cha kufanya maana ya mistari itegemee upana wa Tab. Niliirekebisha kwa Visual Studio Code, kihariri cha bure kilichotolewa na Microsoft kwa mara ya kwanza mwaka 2015, na hapa nakitathmini kwa upande huo mmoja tu wa kujongeza mistari, yaani kuacha pengo mwanzoni mwake.

Kinachostahili sifa kwanza ni uwazi wake. Chini ya dirisha, upande wa kulia, huandikwa iwapo faili inatumia nafasi au Tab, pamoja na upana wake, na ukibofya maandishi hayo unapata amri za kubadilisha. Nilipoweka mpangilio wa `editor.renderWhitespace` kuwa `all`, nafasi zilionekana kama vitone na Tab kama vishale, na mistari saba yenye kasoro ikajulikana mara moja.

Hata hivyo, amri ya kugeuza Tab kuwa nafasi inahitaji uangalifu mkubwa. Tab katika faili ile zilikuwa zimeandikwa kwa upana wa 8, ndiyo maana terminali ilizionyesha sawasawa, ilhali kihariri changu kilikuwa kinazihesabu kwa upana wa 4. Laiti ningegeuza bila kubadilisha upana kwanza, mstari uliokuwa ndani ya sharti la `if` ungetoka nje yake, na programu ingeendeshwa bila ujumbe wowote wa kosa huku ikitoa majibu yasiyo sahihi. Kosa la namna hiyo ni baya kuliko lile la mwanzo.

Wanaoanza husumbuliwa zaidi na mpangilio wa `editor.detectIndentation`, ambao huwa umewashwa tangu awali. Mtu huweka `editor.tabSize`, yaani upana wa ujongezaji, kuwa 4, hufungua faili, akakuta nafasi 2, naye hudhani kwamba mipangilio yake haikuhifadhiwa. Kumbe kihariri kimesoma yaliyomo kwenye faili, kikakisia desturi yake, na makisio hayo ndiyo yanayofuatwa. Kwa anayehariri kazi za wengine naona uamuzi huo ni wa busara, kwa kuwa huheshimu mtindo wa mwenye faili. Lakini maelezo yake ni sentensi fupi ambayo ni rahisi kuipita, na ningependa ionekane wazi zaidi. Anayetaka kanuni yake mwenyewe itawale hana budi kuuzima mpangilio huo.

Unaweza pia kuipa kila lugha mipangilio yake, jambo la lazima kabisa, kwa kuwa Makefile (faili ya maagizo ya kujenga programu) hudai Tab mwanzoni mwa mistari ya amri ilhali YAML (muundo wa kuandikia data na mipangilio) hukataa Tab katika ujongezaji.

Upungufu ninaouona ni kwamba faili ya `.editorconfig`, ambayo huwawezesha wenzi wa mradi mmoja kutumia kanuni moja hata kama vihariri vyao ni tofauti, haisomwi mpaka usakinishe kiendelezi, yaani programu ndogo ya nyongeza. Nimekisakinisha, na faili ile ya Python sasa ina nafasi 4 kila ngazi, kama PEP 8, mwongozo wa mtindo wa kuandika Python, unavyopendekeza.