TAHADHARI: Kijana wa mbegu za azalea "za Rwenzori" ni mwizi, msimpe hata mia

Ndugu zangu wa Fort Portal, Kasese, Bundibugyo, na maafande wastaafu mlioko popote: kuna kijana anazunguka akiuza mbegu za maua anayoyaita azalea za asili. Ni tapeli. Amenila shilingi 295,000 za Uganda. Ninaandika mkono ukitetemeka, nusu hasira, nusu aibu. Mnaonijua mtacheka. Chekeni, ila msome mpaka mwisho.

Habari mnaijua: binti yangu alinitumia picha za maua ya azalea, nami nikayatamani. Tangu atume zile picha mwezi wa nne nimekuwa mtu wa kusimama kwa kila muuza miche wa kando ya barabara: azalea iko? Haiko. Mwezi wa nane ikaingia simu ya mtu nisiyemjua. "Shikamoo mzee, nimesikia unatafuta azalea." Nilipaswa kumuuliza amesikia wapi. Sikuuliza. Nilifurahi kama mtoto.

Tukakutana kwenye kibanda cha chai karibu na soko la Mpanga, Jumanne, saa nne asubuhi. Nilimkuta amefika, ameniagizia chai ya maziwa na chapati mbili, na ameshalipa. Nani anamshuku mtu aliyemlipia chapati? Akasimama, akanipigia saluti, saluti safi, kiganja kimenyooka, akasema baba yake naye alikuwa jeshini, "milimani, afande, enzi zenu." Hapo alikuwa ameshanimaliza, yaliyofuata ni mazishi tu. Akapangusa meza kwa leso yake. Akatandaza karatasi nyeupe. Akatoa kavera tatu, vifuko vya plastiki, kwenye mfuko wa ndani wa koti, akafungua moja polepole kama anafungua dhahabu ya Mubende. Mbegu ndogo, nyeusi, zinang'aa. Akanipa lenzi. Lenzi! Nikainama na miwani yangu, nikachungulia, nikatikisa kichwa kama bwana shamba. "Unaona zinavyong'aa, mzee? Ni ile baridi. Zimetoka mita 3,000, pembeni ya theluji." Halafu akatoa simu: kichaka kinawaka maua ya rangi ya machungwa, nyuma yake milima na ukungu. Rwenzori hiyo, akasema.

Mtaniuliza, wewe mlima unauona ukifungua dirisha, ulidanganywaje? Sikilizeni. Mwaka 1999 tulikuwa huko juu tukiwasaka waasi wa ADF. Nimeona kwa macho yangu lobelia ndefu kuliko mtu, miti ya erika imening'iniza ndevu kama mzee wa kanisa, na kitu kama kabeji iliyopandishwa juu ya mti, kirefu kuliko nyumba yangu. Ukishaona kabeji ya namna hiyo, mtu akikwambia huko kuna azalea utambishia nini? Sisi tulikuwa tunatazama nani yuko nyuma ya kichaka, si kichaka kimetoa maua gani. Na kijana hakuwa na haraka. Hakunisihi hata mara moja. Alisema kama nina shaka niache, kuna mwenye hoteli anazisubiri.

Kavera moja 60,000. Nikachukua zote tatu ili yule wa hoteli akose. Akaongeza 45,000 ya "cheti cha wizara", karatasi yenye muhuri wa bluu niliyoikunja vizuri nikaiweka pamoja na hati za ardhi. Siku mbili baadaye akapiga: bila mbolea maalumu mbegu zitakufa, 70,000. Mvua ilikuwa inanyesha. Nikatoka na mwavuli, nikaenda kwa wakala kwa miguu yangu mwenyewe, nikamtumia. Mbolea ikaletwa na teksi, mfuko mdogo wa unga wa kijivu. Nikanusa. Jivu la jikoni. Nikajiambia labda jivu la juu mlimani ni tofauti. Ndiyo, niliwaza hivyo, mtu mzima mwenye wajukuu.

Nilifukia kina cha kidole kama alivyoagiza, nikachanganya jivu, nikamwagilia asubuhi na jioni. Siku ya tano zikaota! Nikapiga picha nikamtumia binti kwa majigambo. Wiki ya tatu mke wangu akasimama juu ya kitalu, mikono kiunoni. "Baba Asha, hii ni dodo." Mchicha wa kawaida! Nikamkemea kwamba hajui maua. Baada ya wiki akazichuma, akazipika na kinyebwa, mchuzi wa karanga, akaniwekea mezani bila kusema neno. Nikala. Dodo ya karibu laki tatu, na haikuwa na ladha yoyote ya pekee.

Binti ndiye aliyeniambia kuhusu ile picha ya kwenye simu. Ule mmea ni Rhododendron calendulaceum, unaota kwenye milima ya Appalachia, mashariki mwa Marekani, na jina lake huko ni azalea ya moto. Bara lote la Afrika halina azalea ya mwituni, hata moja. Zile erika za Rwenzori ni za ukoo mmoja nayo, binamu tu. Basi "azalea ya asili ya Uganda" haipo. Na hizo za Marekani hupukutisha majani na kulala wakati wa baridi kali, ndipo zitoe maua vizuri, na sisi hapa baridi hiyo tunaitoa wapi?

Haya, za kutambua, kwa kifupi maana hasira inanipanda tena. Mbegu ya azalea ni vumbi, ya rangi ya kahawia, ukipiga chafya zimekwisha. Ukiziona nyeusi zinang'aa, hiyo ni mboga. Haifukiwi. Inamwagwa juu ya kuvumwani mbichi, lile zulia la kijani la kwenye mawe, ipate mwanga. Akikuahidi maua miezi mitatu, mfukuze, ni miaka mitatu au zaidi. Jivu ni adui yake kwa sababu linaua asidi, nayo inataka udongo wenye asidi, kama chai, na mimi nimezungukwa na mashamba ya chai! Mbegu kutoka nje zinahitaji kibali cha Wizara ya Kilimo, Entebbe, pamoja na cheti cha afya ya mimea kutoka zinakotoka. Ile karatasi yangu haina hata jina la mmea, nimeitazama jana. Na Rwenzori ni hifadhi ya taifa tangu 1991, huwezi kuchuma mbegu huko ukaja kuziuza kwenye kibanda cha chai. Kuhusu theluji nilipaswa kumkamata palepale: barafu iko kule vileleni, Margherita ni mita 5,109. Mita 3,000 ni matope. Nililala humo!

Huyu asisamehewe. Naona wengine mtasema ni kijana, ni njaa. Njaa gani inanunua lenzi? Afikishwe kwa mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa, kisha polisi, kisha mahakamani, na hakimu amlazimishe kulima heka nzima ya dodo kwa mkono, apalilie kwenye jua, azile zote bila chumvi. Na ile saluti aombe radhi kwayo mbele ya gwaride, maana kama kweli baba yake alikuwa askari, amemtukana.

Namba zake zote mbili zimezimwa. Container Village kule Kampala, alikosema ana duka, nimemtuma mpwa wangu kuuliza, hakuna anayemjua. Ni mwembamba, sauti ya upole, koti la kahawia lenye mifuko mingi. Akikupigia saluti na kukuagizia chapati, kula chapati, mshikilie mkono, unipigie mimi kabla ya polisi.