Bangili ya softiboli: vining'inio safi, pete mbovu

Hii ni bangili ya mnyororo yenye vining'inio vitano: mpira, gongo, glavu, kibao cha pembe tano anaposimama kando mpigaji, na herufi ya jina. Niliagiza nikiwa Lamu, iwe zawadi ya binti anayecheza softiboli (mchezo wa jamii ya besiboli) Marekani, nikaletewa mpira mweupe wenye mshono mwekundu. Huo ni wa besiboli. Wa softiboli siku hizi aghalabu ni wa manjano, na mzingo wake ni inchi 12, wakati wa besiboli ni kama 9. Kwenye pambo la milimita 12 ukubwa huo hauonekani, kwa hiyo angalia rangi kabla ya kulipa. Angalia na mshono: mistari miwili ya kupinda yenye vialama vya V. Ukiona mistari mitupu, hiyo ni tenisi.

Gongo limechongwa vizuri, hadi kifundo cha mwisho wa mshikio kinaonekana. Ubovu uko kwenye pete zinazoshika vining'inio. Waya wake hata milimita moja haufiki, na midomo haikukutana. Uzi wa kushonea unapita kwenye mwanya. Mwanya huo ndio unaonasa kitambaa cha buibui, pete ikafunguka, glavu ikapotea njiani. Nunua pete za waya wa milimita 1. Zifungue kwa koleo mbili, mdomo mmoja uende mbele na mwingine nyuma. Ukizitanua kwa pembeni hazirudi duara.

Usikimbilie kwa sonara kabla hujajua madini. Fedha yenye mhuri wa 925 (sehemu 925 za fedha kwa 1000) inalehemiwa vizuri. Aloi ya zinki huyeyuka chini ya nyuzi 450, na lehemu ya fedha hutaka zaidi ya 600: utarudishiwa tone. Mpira wenye rangi ya resini nao huungua. Vining'inio vya aina hizo vivishe pete ya mizunguko miwili, kama ya funguo, moto usihusike.

Kipimo: zungusha uzi kwenye kifundo cha mkono, ongeza sentimita 2. Vining'inio hula nafasi.

Kwa chumvi ya hewa yetu, ile iliyopakwa dhahabu juu ya shaba huchujuka upesi, na ukiisugua kwa ndimu au ukwaju kama sinia ya shaba, umeimenya mwenyewe. Kitambaa laini kikavu kinatosha.

Nyota tatu. Mpira wa manjano walituma bila kudai malipo, lakini ulikuja na pete ile ile.