Uzoefu Wangu na Unga wa Tangawizi wa Kuondoa Baridi Mwilini

Kwa wiki sita nimekuwa nikitumia mchanganyiko wa unga wa tangawizi kavu, mdalasini, karafuu na pilipili manga, unaouzwa kwenye pakiti kama dawa ya asili ya kupasha mwili joto. Mimi ni mtu wa kuzizima. Vidole vyangu hupoa kabla wenzangu chumbani hawajafikiria kufunga dirisha.

Kuhusu ladha sina lawama. Maelekezo yanataka kijiko kimoja cha chai kwa kikombe cha maji yanayochemka, ila hayasemi kikombe kifunikwe, nami nilichelewa kugundua kwamba ile harufu nzuri iliyokuwa ikijaa jikoni ilikuwa mafuta ya karafuu na mdalasini yakipotea na mvuke. Nilipoanza kukifunika kwa kisahani kwa dakika kumi, kinywaji kilibadilika: ukali ulianzia kooni, ukashuka kifuani, na punde kijasho chembamba kikanitoka kwenye paji la uso. Tangawizi ikikaushwa, sehemu ya jinjeroli, kemikali inayoipa ukali wake, hugeuka kuwa shogaoli, ambayo ni kali zaidi, kwa hiyo asiyezoea aanze na nusu kijiko. Machicha hukwaruza koo. Ni afadhali kuchuja.

Ninacholalamikia ni neno "hutibu" lililoandikwa kwenye pakiti. Usiku mmoja nilitetemeka hadi meno yakagongana, nikanywa vikombe viwili na kujifunika mablanketi nikiamini ni baridi tu. Nilipokuja kuweka kipimajoto kwapani, kilisoma nyuzi 39.2. Kutetemeka kwa namna ile ni kazi ya misuli inayozalisha joto baada ya ubongo kuamua kwamba joto la mwili lipande, na chanzo chake, kiwe malaria au maambukizi mengine, hutafutwa kwa vipimo. Neno hilo moja lilinichelewesha saa kadhaa kwenda kupimwa.

Isitoshe, pakiti haitaji aina ya mdalasini uliotumika. Ule wa kasia una kumarini, kemikali ya asili ambayo ikitumiwa kwa wingi kila siku inaweza kudhuru ini, ilhali mdalasini wa Ceylon unayo kidogo mno. Wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarini, nao walistahili kuonywa wamwone daktari kwanza. Bado ninaununua unga huu, lakini sasa ninakunywa kikombe kimoja tu, tena baada ya kujipima joto.